Mkonga wa 1HZ au Defender ya 300Tdi: uchukue ipi kama spana unashika mwenyewe

Mtu akiniuliza hili swali huwa namuuliza kwanza Jumamosi yake ina nafasi kiasi gani. Kwasababu hizi gari mbili, Land Cruiser hardtop yenye injini ya 1HZ (ndo mkonga tunaoujua wote) na Land Rover Defender 110 yenye 300Tdi, zote unaweza ukazitengeneza mwenyewe nyumbani chini ya mwembe, hazina kompyuta, pampu zake za dizeli ni za mekanika, waya ukiwa unaenda kwenye solenoidi ya pampu (swichi ya umeme inayofungua mafuta) na umeme upo gari inawaka. Lakini zinakudai tofauti kabisa. Landrova inakudai kidogo kidogo, wiki hii hiki wiki ijayo kile. Mkonga unakaa kimya miezi na miezi, alafu siku ukidai unadai kitu kizito na cha hela ndefu.

Mi nakaa Iringa. Defender ni yangu, ya 1996, huu ni mwaka wa 9 ninayo. Mkonga ni wa kaka yangu, HZJ75 ya 1994, yeye yuko Dar ila shamba liko Kilolo kwa hiyo nusu ya mwaka gari inalala kwangu na mimi ndo naihudumia. Nimelala chini ya zote mbili kwenye vumbi lile lile na kwa spana zile zile, nachoandika hapa ni nilichokishika.

Kabla sijaendelea, angalia usichanganye injini. Kuanzia 1998 Defender ilianza kuja na Td5, ile ni silinda 5 na ina kompyuta, hiyo ni habari nyingine kabisa na sio ninayoizungumzia. Hata kwenye 300Tdi zenyewe, baadhi za Discovery otomatiki zina pampu inayoongozwa na kompyuta. Fungua boneti uone kwa macho, usiamini tangazo.

Injini na suala la maji

1HZ ilianza 1990. Silinda 6, cc 4164, haina turbo, farasi kama 130 hivi, na iliendelea kufungwa kwenye mikonga mipya ya mashirika kwa zaidi ya miaka 30, hapo ujue spea haziishi leo wala kesho. 300Tdi ilitoka 1994, silinda 4, cc 2495, ina turbo, farasi 111. Yani injini ambayo ni kama nusu na kidogo ya mwenzake inafanya kazi inayokaribia ya mwenzake. Faida yake unaiona kituo cha mafuta, yangu Iringa mpaka Morogoro inanipa kilomita 10 kwa lita, mkonga haujawahi kunivusha 8. Hasara yake ni kwamba 300Tdi haivumilii kabisa uzembe kwenye maji. Hedi yake (kile kichwa cha injini kinachofunika silinda) ni ya alumini, ichemshe mara moja tu na wewe uendelee kukanyaga, hedi inapinda.

Hili nalijua kwa gharama. Mwaka wa pili nikiwa na ile gari nilikuwa napandisha Kitonga natokea Morogoro, nimebeba mabati, jua la saa nane. Nikatupia jicho mshale wa temperecha, haukuwa umepanda, ulikuwa umeshuka mpaka chini kabisa. Mi nikaona injini imepoa, nikaendelea kukanyaga. Kumbe maji yameisha yote na ile sensa imebaki inapima hewa tupu. Nilipofika juu nikasikia injini imekuwa nzito, nikasimama, kufungua boneti harufu ya raba iliyoungua. Chanzo kilikuwa plagi ya plastiki ya kutolea hewa pale juu ya nyumba ya themostati, wiki moja kabla niliikaza kwa spana badala ya kuikaza kwa mkono na robo, ikapata ufa. Kiplastiki cha ukubwa wa kifuniko cha soda kilinipeleka kwenye kuskimu hedi (kuisawazisha kwa mashine), gasketi mpya na siku 11 gari iko juu ya mawe.

Kwa hiyo kama unachukua 300Tdi, siku ya kwanza kabla hata ya kubadili oili toa hizo plagi za plastiki, ya kwenye themostati na ya kwenye rejeta, weka za shaba. Afu funga kengele ya kuonya maji yakipungua kwenye tanki la akiba, ni kidude kidogo fundi umeme yeyote anakufungia, kinalia kabla mshale haujajua chochote. Na ukijaza maji jifunze kutoa hewa: weka gari sehemu ya tambarare, fungua plagi zote mbili na mfuniko wa tanki, jaza taratibu kwenye tanki, binya hozi ya juu kwa mkono kama unavyokamua nguo, utaona mapovu yanatoka, endelea hadi yatoke maji matupu bila povu, funga ya rejeta, jaza tena pale kwenye themostati hadi ifurike ndo ufunge. Ukiharakisha hapo hewa inabaki juu kwenye hedi na utarudi kule kule nilikopita mimi.

Mkonga kwenye maji una uvumilivu zaidi lakini sio kwamba haufi. 1HZ ikichemshwa sana hedi inapata nyufa pale kwenye vyumba vidogo vya kuwashia mafuta, na inatokea zaidi kwenye gari ambazo mtu kafunga turbo juu ya injini ambayo haikutengenezwa kwa turbo akaongeza na mafuta. Ukikuta mkonga una turbo ya kufungiwa mtaani, mi nakushauri uachane nao hata kama unavuta vizuri. Na hiyo hedi ya silinda 6 sio ya kunyanyua peke yako, ni nzito, unahitaji watu wawili wazima au chenibloku.

Taimingi belti

Hapa mkonga unashinda wazi. Belti ya 1HZ iko juu mbele, chini ya kava ambalo unalifikia bila kuhangaika na puli ya krenki. Unapanga alama, unalegeza tenshena, belti ya zamani inatoka mpya inaingia, unazungusha injini kwa mkono mizunguko miwili kuhakikisha alama zimerudi pale pale, basi. Toyota wanasema kila kilomita 100,000 na kuna taa kabisa ya T-BELT kwenye dashibodi. Mi na kijana wa jirani tulianza saa tatu tukala mchana tumeshamaliza, na ilikuwa mara yangu ya kwanza.

Ya 300Tdi ni shughuli ya siku mbili ukiwa mgeni. Inatoka feni, inatoka puli ya krenki ambayo bolti yake imekazwa vibaya mno, inatoka kava kubwa la mbele lenye bolti za urefu tofauti tofauti (chora umbo la kava kwenye boksi, toboa matundu na kila bolti ichomeke kwenye tundu lake, ukizichanganya ile ndefu itatoboa kitu), alafu unafunga flaiwili kwa pini yake na pampu unaifunga kwa pini ya milimita 9.5, watu wanatumia biti ya drili ya saizi hiyo hiyo na inafaa kabisa. Ukiacha belti ikakatika valvu zinakutana na pistoni. Mara nyingi kinachopinda ni pushirodi, ukiwa na bahati unabadilisha hizo tu gari inarudi, lakini bahati haipangwi. Na ukilifungua kava ukakuta unga mweusi wa raba mle ndani, ujue belti inasagika kwa sababu puli hazijakaa kwenye mstari mmoja, ni ugonjwa unaojulikana wa hizi injini na kuna seti ya spea za kuurekebisha, usifunge belti mpya juu ya ugonjwa wa zamani.

Kuseti tapeti

Hapa Landrova inalipa kisasi. Kava ya roka inatoka kwa bolti chache, una fila geji (vile vibapa vyembamba vya kupimia nafasi), spana na bisibisi bapa, nafasi kati ya roka na valvu ni milimita 0.20 kwa valvu zote 8 injini ikiwa ya baridi. Unatumia hesabu ya 9: zungusha injini kwa mkono mpaka valvu namba 8 imezama kabisa, seti namba 1, ikizama 7 seti namba 2, unaenda hivyo jumla iwe 9 kila mara. Fila geji ipite kwa kukwaruza kidogo kama unavyovuta noti iliyobanwa kwenye kitabu. Saa moja na nusu umemaliza na injini inabadilika sauti, inakuwa laini unaisikia kabisa.

1HZ haisetiwi kwa bisibisi. Ina shimu, vile visahani vidogo vya chuma juu ya tapeti. Unapima, valvu za kuingiza hewa ni milimita 0.15 hadi 0.25, za kutoa moshi ni 0.35 hadi 0.45, ukikuta imetoka nje ya hapo unakandamiza tapeti kwa kifaa chake maalum, unatoa shimu kwa sumaku, unapima unene kwa maikromita, unapiga hesabu, unatafuta shimu ya unene mwingine. Nzuri ni kwamba hazihami haraka, mkonga wa kaka nimepima mara mbili kwa miaka yote hii na nimebadili shimu 3 tu. Lakini siku ya kubadilisha lazima uwe na hizo shimu, na kwa Iringa hapa ilibidi tuagize Dar.

Chini ya gari, na hili la hendi breki lisome mara mbili

Mkonga ukiwa na spana 10, 12, 14, 17 na 19 umemaliza karibu kila kitu. Landrova ya umri huu imechanganya, kuna bolti za milimita na kuna za inchi kwenye gari moja, nati za propela kwa mfano ni 9/16 na mtu akilazimisha 14 anazila kona, ndo maana nyingi utakuta zimeshaliwa na watu waliotangulia. Kwa hiyo unanunua seti mbili. Nati za tairi Landrova ni 27, mkonga 21. Nati kubwa ya ndani ya habu Landrova 52, mkonga 54, na hizo nunua soketi yake kabisa, usigonge kwa patasi na nyundo kama wengi wanavyofanya, vile vipande vya chuma vinaingia kwenye beringi uliyotoka kuipaka grisi sa hivi.

Sasa hendi breki. Kwenye mkonga inashika tairi za nyuma kama gari nyingi. Kwenye Defender haishiki tairi, inashika propela ya nyuma, ngoma yake iko nyuma ya transifa (lile boksi linalogawa nguvu kwenda mbele na nyuma). Maana yake ni hii: ukipiga jeki tairi moja ya nyuma ikanyanyuka, difu inaruhusu ile tairi iliyo hewani izunguke na ile ya chini itembee, na hendi breki umevuta mpaka mwisho. Gari inashuka kwenye jeki. Mi imeshanitokea, tena nilikuwa bado nimechuchumaa pembeni, sijaingia chini, ndo maana naandika. Kabla ya jeki ingiza difloki ya katikati uhakikishe taa yake imewaka, weka gia, weka kabari za mbao mbele na nyuma ya tairi zinazobaki chini, alafu ndo jeki, alafu stendi chini ya ekseli kabla hujaweka hata mkono. Tofali la bloku usiweke kamwe, linapasuka ghafla bila kukupa dalili. Hii ya tofali ni kwa gari zote mbili.

Nako za mbele zinafanana kimuundo, lile duara la chuma linalozunguka usukani ukikata. Ya Landrova lile duara la kromu likishapata vidonda sili inakatika na oili inavuja, dawa ya bei nafuu ni kuacha oili ukaweka grisi laini maalum ya nako, pakiti moja kila upande. Kwenye mkonga unajaza grisi ya molibdenamu na adui yako ni sili ya ndani, ikiisha oili ya difu inaingia kwenye grisi unapata uji mweusi unaochuruzika mpaka kwenye rimu. Kazi ya kufungua nako ya mkonga ni chafu kuliko zote nilizofanya, siku nzima upande mmoja, ila ukishafanya vizuri unasahau miaka. Usukani ukitetemeka kwenye spidi ya 70 hivi, kwa zote anza na beringi za nako na bushi kabla ya kununua shokapu ya usukani, ile inaficha tu ugonjwa.

Oili za gia boksi nazo zinawaponza watu. R380 ya Defender haitaki oili nzito, inataka ile nyepesi ya MTF94, lakini ukimwachia kijana bila kumwambia anamimina oili nzito ya 140 sawa na ya difu, asubuhi ya baridi kama huku kwetu Juni na Julai gia ya pili haiingii kabisa unadhani gia boksi imekufa. Nilinunua gari ikiwa hivyo, muuzaji akanipunguzia hela nyingi akijua gia boksi imekwisha, nikamwaga oili nikaweka inayotakiwa na hiyo gia boksi bado ipo. Udhaifu wake wa kweli ni meno ya shafti pale inapoungana na transifa, yanasagika, unasikia "tak" kila ukiachia na kukanyaga mafuta. Ya mkonga ni ngumu kama jiwe, weka 75W-90 iwe na oili muda wote, sina la kuongeza.

Spea

Za mkonga zipo kila mji na hapo hapo ndo penye shida, kwa kuwa feki nazo zipo kila mji na boksi zinafanana. Filta ya oili pima kwa mkono uzito, angalia uchomeleaji na raba, beringi angalia maandishi yamechimbwa au yamepakwa wino. Niliwahi kununua beringi za habu kwenye duka moja hivi, zikakaa wiki 6 tu zikaanza kulia. Siku hizi kwa beringi na sili nanunua orijino hata kama itabidi nisubiri mwezi, bushi na hozi naweza nikachukua za kawaida.

Za Landrova Iringa ni za kuagiza, Gerezani pale Kariakoo zipo na Arusha ndo penyewe, mji ule Landrova ni sehemu ya maisha, Oktoba 2024 walizijaza barabarani kwenye tamasha lao. Uzuri wake unaagiza kwa namba, sio kwa kuelezea. Filta ya oili ni ERR3340, unamtumia mtu namba anakuletea kitu chenyewe. Andika daftari la namba, utalitumia zaidi ya spana. Bei ya kipande kimoja kimoja Landrova mara nyingi ni rahisi, lakini unanunua mara nyingi zaidi, mwisho wa mwaka nikipiga hesabu na kaka tunakaribiana.

Bei ya kununua gari yenyewe haikaribiani hata kidogo. Mkonga mzee bado unashika bei kubwa, kwa hela hiyo unapata Defender nzuri na inabaki ya matengenezo ya miaka.

Kutu

Watu wa Tanga, Dar na Mombasa wanadanganyika na bodi ya alumini ya Defender. Bodi haili kutu lakini chesisi ni chuma, na pale alumini inapokutana na chuma inaliwa inakuwa unga mweupe. Chukua bisibisi, lala chini, choma ile boriti ya nyuma kabisa ya chesisi na sehemu ya miguu ya dereva. Ikizama, ondoka. Mkonga angalia juu kwenye mifereji ya maji ya paa, kuzunguka kioo cha mbele na juu ya tairi za nyuma. Na kama ni HZJ75 angalia umeme wake, baadhi ni volti 24, ukishanunua ndo ujue hilo utasumbuka na balbu na stata.

Sasa uchukue ipi

Kama kazi yako inakupeleka mbali na watu, Kilombero ndani, Mpanda, Loliondo, na ukikwama hamna wa kukusaidia, chukua mkonga. Kama huna muda wa gari kila wiki, chukua mkonga. Kama una familia inayoendesha bila wewe kuwepo, vile vile, kwasababu mke wangu hawezi kuanza kusikiliza kengele ya maji kila safari na wala sio kazi yake.

Kama unataka kujifunza kazi kweli kweli, hela ya kununulia ni ndogo, uko mjini au karibu na mji, una sehemu ya tambarare ya kufanyia kazi na uvumilivu, chukua 300Tdi, itakufundisha kila kitu kwa vipande vidogo ambavyo ukikosea unaweza kurudia. Mi ningerudi nyuma ningenunua ile ile, ila ningebadili zile plagi siku ya kwanza.

Kwa zote mbili kuna kazi mi sigusi: kupima nozeli na kukalibreti pampu, kuskimu hedi, na kuseti meno ya difu. Natoa mwenyewe, napeleka kwa mwenye mashine, narudisha mwenyewe. Na kama gari imebadilishwa injini (Landrova zilizowekwa injini ya Toyota ni nyingi), linganisha namba ya injini na kadi kabla ya kutoa hela, hiyo haitengenezwi kwa spana.

Ukienda kuangalia gari nenda asubuhi na mapema, weka kiganja juu ya boneti kabla hata ya salamu kuisha. Inatakiwa iwe ya baridi, ndo uione inavyowaka na moshi inaotoa. Ukikuta ya moto usibishane na mtu, mwambie utarudi, na urudi siku nyingine saa 12 asubuhi bila kumpigia simu.